Rosa Katika Tanbihi ya Durkheim

Kila mwanafunzi wa fasihi aliyepita mwaka wa kwanza anakikumbuka kile kitini cha utangulizi wa sayansi za jamii. Kinaanza na Comte, kinamrukia Marx, kinapumzika kidogo kwa Durkheim, kisha kinaishia kwa Weber, na katikati zimejaa fasili za kukariri. Tunakibukua usiku wa kuamkia mtihani, tunakitapika asubuhi, basi. Makala haya hayakusudii kukikashifu kitini. Yanakusudia kueleza kwa nini mimi, niliyekuja chuoni kusoma riwaya, nilikirudia kwa hiari yangu, na kwa nini nadhani sisi wa fasihi na wenzetu wa sosholojia tunanyimana kitu.

Kisa chenyewe ni kidogo. Katika jaribio tuliulizwa tueleze nadharia ya Durkheim kuhusu kujiua. Nikamtumia Rosa wa *Rosa Mistika* kama mfano. Msahihishaji akaandika pembeni kwa wino mwekundu: hadithi si data. Haya. Muhula uliofuata nikaandika insha juu ya Rosa upande wa fasihi, nikamtaja Durkheim. Ikarudi na swali: fani iko wapi? Nikawa kama mtoto wa mitala anayelala na njaa, kila mama akidhani amekula kwa mwenzake.

Tumtazame kwanza Durkheim mwenyewe. Kitabu chake juu ya kujiua kilitoka Ufaransa mwaka 1897. Alichukua jambo linaloonekana kuwa la siri kuliko yote, la mtu na nafsi yake, akaonyesha kwamba viwango vyake katika nchi moja havirukiruki ovyo mwaka hadi mwaka, na kwamba vinatofautiana kwa makundi: Waprotestanti zaidi ya Wakatoliki, wasiooa zaidi ya waliooa. Mpwa wake Marcel Mauss alimsaidia kupanga kumbukumbu za watu wapatao 26,000. Si kazi ya mchezo. Kutokana na hayo akadai kwamba sababu tuitafute katika jamii: imemfunga mtu kwa wenzake kiasi gani, na imemwekea kanuni kiasi gani. Mafungamano yakilegea mno ni hatari, yakikaza mno ni hatari vilevile. Na kanuni zikivurugika tunapata ile hali aliyoiita anomi.

Na kanuni zikizidi je? Durkheim alilijua swali hili. Alilijibu katika tanbihi moja tu, mwishoni mwa sura ya anomi. Humo akawataja waume waliooa wangali wadogo mno, wanawake walioolewa wasio na watoto, na watumwa. Akasema aina hii haina umuhimu mkubwa kwa zama zake, akaendelea na safari. Kitini chetu kinaiweka katika jedwali kama aina ya nne, bila hata kusema kwamba ilitoka chini ya ukurasa.

Hapo ndipo niliposimama. Maana mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, aliyekuwa amehitimu chuo kikuu mwaka uliotangulia, alimtoa mtu wa tanbihi akamweka kwenye jalada.

Wahakiki wengi wa *Rosa Mistika* huishia kwenye malezi: Zakaria ni baba mlevi na mkali, alimpiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, binti akakosa kuzoea wanaume, alipofika mbali na nyumbani akapotea. Kweli, lakini nusu. Ukimsoma hivyo, Rosa ametoka kwenye kanuni nyingi mno akaingia penye kanuni sifuri, na mwanafunzi wa sosholojia atapiga makofi: anomi hiyo! Kumbe kanuni hazikwenda popote. Wanaume wanaotembea na Rosa hawaulizwi kitu na mtu. Yeye, hata baada ya kutulia na kujirekebisha, anakuta kanuni ileile ya baba imekaa inamngoja kwa mchumba, anayetaka kujua kama ni bikira. Rosa anaponyimwa ndoa anajiua.

Kwa hiyo Durkheim anauliza kanuni ni nyingi au chache. Kezilahabi anauliza ni kwa ajili ya nani. Kanuni moja inaweza kumlegea mwanamume na kumkaba mwanamke siku hiyohiyo, katika kijiji hichohicho. Jedwali la kitini haliwezi kulionyesha hilo kwa sababu kila aina imewekwa katika kisanduku chake. Riwaya inalionyesha kwa fani: barua ya mwanzoni na swali la mchumba mwishoni ni mkono mmoja. Nimjibu hapo mwalimu wangu aliyeuliza.

Simsifu Kezilahabi kwa kila kitu. Zakaria amechorwa kwa mkono mzito mno. Na nakubali kwamba msichana mmoja wa kubuni hathibitishi kiwango chochote. Lakini Durkheim mwenyewe hakuziamini sababu zilizoandikwa katika kumbukumbu. Alisema ni maoni ya maofisa tu. Mwaka 1967 Jack Douglas akalipeleka shaka hilo mbele zaidi: hata kuamua kwamba kifo fulani ni cha kujiua ni uamuzi wa mtu. Sisi tuliokulia vijijini tunajua familia inavyosema "aliugua ghafla" na mazungumzo yakaishia hapo. Daftari linapofungwa, riwaya bado imo ndani ya nyumba. (Kitini hakitaji pia kwamba mwaka 1960 Paul Bohannan alihariri kitabu kizima kuhusu mauaji na kujiua Afrika, chenye sura juu ya Wasoga, Wagisu, Waluhya na Wajaluo. Tunafundishwa Waprotestanti wa Ulaya tu.)

Anabaki Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974), mwanafunzi wa chuo kikuu kama sisi, ambaye naye anajiua. Huyu sijammaliza. Anasimulia mwenyewe, tena kwa ufasaha, na Durkheim asingetaka kumsikiliza. Angetaka kujua tu yuko kundi gani. Wenzangu wanasema ni udhanaishi, wanafunga daftari. Anayeweza kuniambia Kazimoto aingie kisanduku kipi anikute semina ya Alhamisi, ila asije na neno hilo peke yake.