Bhakti na Upungufu wa Neno "Ibada"

Mkaazi wa Buxton ashukaye kuelekea mjini kati hana safari ndefu kulifikia hekalu la Swaminarayan lililoko barabara ya Haile Selassie. Akiingia wakati wa arti, ataona taa zikizungushwa mbele ya murti na kusikia nyimbo za Kigujarati zikiimbwa kwa pamoja. Akiulizwa baadaye aliona nini, aghalabu atajibu kuwa aliona Wahindi wakifanya ibada. Jibu hilo si kosa. Lakini mfasiri alifanyapo neno hilo kuwa kisawe cha bhakti, sehemu kubwa ya maana hupotea, na upotevu huo ndio ninaokusudia kuujadili.

Ibada yatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya utumwa, lile lile lililomo katika jina Abdalla. Bhakti nayo yatokana na shina la Kisanskriti, bhaj, ambalo miongoni mwa maana zake ni kugawana na kushiriki. Wanazuoni wa Kivaishnava wa Bengali, katika karne ya 16, walitaja hisia tano za mja kwa Mungu: shanta, yaani utulivu, dasya, utumishi, sakhya, usuhuba, vatsalya, mapenzi ya mzazi kwa mwana, na madhurya, mapenzi ya wapendanao. Ibada yaitosheleza ile ya pili tu.

Vatsalya hasa yastahili kuangaliwa, kwani asili yake ni neno la ndama. Mungu hupendwa kama ng'ombe ampendavyo ndama wake. Ndiyo maana murti huamshwa asubuhi, huvishwa, huandaliwa chakula, na usiku hulazwa. Mwenye kuyatazama hayo kwa jicho la ibada huona kichekesho au, vibaya zaidi, ushirikina. Mwenye kuyatazama kwa jicho la ulezi hutambua kwamba mapenzi hapa hayangojewi yashuke yenyewe. Hukuzwa kwa mikono, siku hata siku, kama mama azidivyo kumpenda mwanawe kwa kumwosha na kumlisha.

Mtu aweza kupinga kuwa Waswaminarayan wenyewe hutilia mkazo utumishi, na kwamba majina ya watawa wao huishia na das, mtumwa. Ni kweli. Hata hivyo Premanand Swami, mmoja wa washairi wao wakuu, alijulikana pia kwa jina la Premsakhi, sahibu wa kike wa mapenzi. Mtumwa huyo aliimba kama mpenzi.

Sahajanand Swami, mwasisi wa madhehebu hayo, aliishi tangu 1781 hadi 1830. Muyaka bin Haji wa Mombasa, tangu 1776 hadi 1840. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa pepo za msimu baina ya Gujarati na pwani yetu. Yafaa tujiulize lugha yetu ilipokea nini kwa jirani huyo. Pesa, laki, hundi, bima, gari, bepari: yote ni maneno ya sokoni. La hekaluni silioni. Methali nayo yasema Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tulichukua kiatu, moyo tukauacha mlangoni.

Kwa maoni yangu bhakti ifasiriwe mahaba. Upendo limekwisha kuzoeleka katika mimbari za makanisa, na mapenzi ni pana mno. Wako watakaosema mahaba ni neno la chumbani. Hao nawaelekeze masikio kwenye maulidi, ambamo mahaba kwa Mtume hutajwa bila mtu kuona haya. Sakhya na iwe usuhuba, dasya uja, vatsalya ulezi. Taabu itabaki kwa madhurya, maana mahaba tutakuwa tumekwisha kulitumia kwa jumla. Hapo sioni ila tulirudie neno ashiki, ambalo washairi wetu wa kale walilijua vyema na ambalo waandishi wa leo wameliacha.