Picha ya Mwafrika katika Mashimo ya Mfalme Sulemani

Miongoni mwa hadithi zilizosomwa sana katika shule za Afrika Mashariki wakati wa ukoloni ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mtunzi wake, Mwingereza H. Rider Haggard, aliitoa mwaka 1885, mwaka uleule mataifa ya Ulaya yalipomaliza mkutano wao wa Berlin juu ya Afrika. Frederick Johnson aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1929. Johnson alikuwa bingwa wa lugha, na mwaka uliofuata akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Tafsiri yake ni fasaha, na masimulizi yanakwenda mbio. Kwa sababu hiyo hasa yafaa tuitazame kwa makini. Neno baya lisemwalo vibaya hujulikana mara moja, lakini lisemwalo kwa ufasaha huingia moyoni bila kubisha hodi.

Aghalabu tunapotafuta ubaguzi wa rangi katika fasihi ya Magharibi, tunatafuta matusi. Matusi yamo. Gagool, ajuza mchawi, anafananishwa na nyani; mfalme Twala ni katili asiye na chembe ya huruma. Lakini mwanafunzi wa leo ataitambua dharau hiyo bila kuonyeshwa. Kinachotaka macho makali zaidi ni sifa.

Mtazame Ignosi. Mtunzi amemsifu kwa urefu, ushujaa na akili, naye ndiye mfalme wa haki wa Wakukuana. Hata hivyo hawezi kukipata kiti chake ila kwa msaada wa Wazungu watatu. Hao wanajiita watu waliotoka nyotani, na kwa kuwa kalenda yao imewaambia siku ya kupatwa kwa mwezi, wanaitumia habari hiyo kuwatisha wenyeji. Hata Twala hauawi na Ignosi, bali na Sir Henry Curtis. Kadhalika Foulata, msichana mwema, anampenda Mzungu mmoja, naye anauawa. Msimulizi anaona kifo hicho kimeepusha matatizo. Basi Mwafrika mwema katika hadithi hii ni yule anayesaidiwa au anayekufa kwa wakati ufaao.

Liko jambo zito zaidi. Katika nchi ya Wakukuana mna barabara kuu, masanamu makubwa ya mawe na machimbo ya almasi. Nani aliyeyafanya hayo? Hadithi inatuelekeza kwa wageni wa kale, watu wa Sulemani na Wafoinike. Wenyeji wamekuwa walinzi tu wa kazi ya wengine. Dhana hiyo haikubaki hadithini. Mjerumani Karl Mauch, alipoyaona magofu ya Zimbabwe Kuu mwaka 1871, aliyahusisha na Malkia wa Sheba. Mwaka 1905 mtaalamu David Randall-MacIver alieleza kwamba yalijengwa na Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba huko, akathibitisha vivyo hivyo. Msomaji na ailinganishe miaka: mwaka uleule ambao udongo wenyewe ulitoa ushahidi, mtoto wa Afrika Mashariki alitafsiriwa uwongo kwa lugha yake. Hata baada ya hapo, watawala walowezi wa Rhodesia waliendelea kuupendelea uwongo huo hadi nchi ilipopata uhuru mwaka 1980, ikachukua jina la magofu hayohayo.

Sisi wa pwani tunao ushahidi wa ziada. Dhahabu ya bara hilo ilipitia Sofala na kuitajirisha Kilwa, na sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14, imepatikana Zimbabwe Kuu. Waliochimba walikuwa Waafrika, na walifanya biashara na ulimwengu bila kungoja mtu ashuke kutoka nyotani.

Sinema nayo ilifuata njia hiyo. Filamu ya Marekani ya mwaka 1950 ilipigwa katika nchi zetu hizi, Tanganyika, Kenya, Uganda na Kongo. Humo Foulata hayumo. Badala yake yumo mwanamke Mzungu asiyekuwamo kitabuni, aliyechezwa na Deborah Kerr, anayemtafuta mumewe. Ardhi yetu na watu wetu wamefanywa pambo la nyuma ya mapenzi ya wageni.

Je, tukitupe kitabu? La. Haggard anastahili kutendewa haki: mwishoni amempa Ignosi maneno ya kukataa wafanya biashara wa bunduki na pombe wasiingie nchini mwake. Mwalimu na akisome pamoja na wanafunzi wake, awaulize: Nani anayejenga? Nani anayeokoa? Nani anayekufa ili hadithi ipate kwisha vizuri? Mwanafunzi aliyezoea maswali hayo hatadanganywa na kitabu chochote wala filamu yoyote.

Tena asiyaulize kwa vitabu vya wageni peke yake. Wahenga wetu walisema: Mgala muue na haki yake mpe. Twaitumia methali hiyo kuhimiza haki, wala hatusiti kuuliza kwa nini Mgala ndiye wa kuuawa. Kikulacho ki nguoni mwako.