Tovuti Yenye Wenyewe

Anayejenga tovuti mpya ana uhuru mwingi, maana hakuna aliyekwisha kuizoea. Anayeisanifu upya tovuti ya wanajamii hana uhuru huo. Wenyewe wamo. Wana majina yao humo, picha zao, marafiki waliopatana kwa maandishi kabla ya kuonana ana kwa ana, mabishano ya miaka, pongezi za harusi na salamu za rambirambi. Fundi anatakiwa abadilishe mambo, na asimfanye mwenyeji ajione mgeni. Ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, na ikifanywa vizuri hakuna anayeitambua. Watu huendelea tu na mazungumzo yao. Kwa sababu hiyo nataka kuisifu hapa, kwa sauti na bila haya.

Ikifanywa vibaya, lakini, kila mtu hujua. Agosti 2010 Digg, tovuti ya Marekani ambamo wanachama walipandisha habari kwa kura zao, ilizindua toleo lake la nne. Kura ya kuizika habari mbovu iliondolewa, na vyombo vikubwa vya habari vikapewa njia ya kumwaga habari zao humo moja kwa moja. Wanachama waliona wamenyang'anywa usemi. Wakaujaza ukurasa wa mbele viungo vya Reddit, mshindani wa Digg, na wengi wao hatimaye wakahamia huko huko. Ukiacha hitilafu za kiufundi za siku zile, kosa kubwa halikuwa la rangi wala la herufi. Ukurasa ulipopangwa upya, mamlaka nayo yalipangwa upya, na waliokuwa wakiyashika hawakushirikishwa.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Fundi mzuri wa tovuti hulijua onyo hilo, ingawa halimzuii kubadilisha. Anajua pia kwamba mbachao huchakaa: simu zimekuwa nyingi, bando ni ghali, macho ya wanachama yamezeeka pamoja na tovuti yenyewe. Kinachomtofautisha na fundi mwenye pupa ni kwamba huanza kwa kusoma. Husoma mazungumzo ya zamani, huuliza kitufe fulani kiliwekwa kwa nini, huwatazama watu wakitumia ukurasa bila kuwaelekeza. Mara nyingi kile kilichoonekana uchafu huwa ni njia ya mkato ambayo wazee wa mahali pale waliibuni wenyewe miaka mingi iliyopita.

Mfano wa subira hiyo tuliuona Wikipedia. Mwonekano mpya wa kompyuta uliowekwa katika Wikipedia ya Kiingereza Januari 2023 ulikuwa umetengenezwa kwa miaka kadhaa, na ulikuwa umepita kwanza kwenye Wikipedia za lugha nyingine, Kifaransa ikiwemo. Wanachama waliujadili kwa urefu, wengine wakaupinga vikali. Ulipowekwa, kila mwenye akaunti aliyeupenda mwonekano wa zamani aliweza kuurudisha kwenye mipangilio yake, na bado anaweza. Si kila jamii ina nguvu ya kutunza sura mbili kwa wakati mmoja, lakini adabu iliyomo ndani ya uamuzi ule yafaa kuigwa popote: mabadiliko yaliletwa kama pendekezo, na mwenye ukurasa akaachiwa neno.

Lakini kiini cha ufundi huu kiko kwenye wasifu wa mwanachama. Hapo ndipo tovuti inapomuuliza mtu: wewe ni nani? Kila kisanduku kwenye fomu ni swali, na kila swali lina mtu ambaye litamkera.

Tuanze na jina. Fomu nyingi duniani hudai jina la kwanza na jina la ukoo, kana kwamba binadamu wote huitwa hivyo. Mtanzania wa kawaida huandika majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Mwanamke wa Kiislamu wa mwambao huendelea kuitwa kwa jina la baba yake hata akiolewa. Mwethiopia hana jina la ukoo. La pili ni la baba. Kule Java kuna watu wenye jina moja tu, nao Sukarno na Suharto waliitawala Indonesia wakiwa na jina moja moja. Fomu inapomkatalia mtu wa namna hiyo kwa maandishi mekundu, imemwambia kwamba jina alilopewa na wazazi wake ni kosa. Fundi anayejali huweka kisanduku kimoja kirefu na kuuliza kitu kimoja tu: ungependa tukuiteje? Mambo ya uhasibu na vitambulisho huyaacha mahali pake, kama kweli yanahitajika.

Vivyo hivyo jinsia, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini, mahali unapoishi. Kwa nini tovuti ya wapenda bustani imuulize mtu kama ameolewa? Mara nyingi jibu ni kwamba kisanduku kilikuwepo kwenye programu iliyonunuliwa na hakuna aliyefikiria kukiondoa. Kuondoa ni sehemu ya ufundi, nami naiona kuwa sehemu iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa mwanachama hawezi kumshukuru fundi kwa swali ambalo hakuulizwa.

Yanayobaki ndiyo ya kutunzwa, na yaliyo mazuri hutokana na kile ambacho jamii ile hukifanya pamoja. Sijaona wasifu uliobuniwa kwa mapenzi kuliko ule wa Ravelry, tovuti ya wafumaji iliyoanzishwa mwaka 2007 na Jessica na Cassidy Forbes. Humo mwanachama ana daftari lake. Anaandika kazi alizofuma na picha zake, nyuzi alizonazo akibani, sindano anazomiliki, na foleni ya mitindo anayotarajia kufuma. Anayetaka kununua mchoro wa sweta anaweza kwanza kutazama jinsi ulivyotoka mikononi mwa wenzake, kwa uzi upi na kwa saizi ipi. Aliyeishiwa uzi kabla ya kumaliza mkono mmoja anaweza kumtafuta mwenzake mwenye uzi ule ule aliyetangaza kwamba yuko tayari kuuza au kubadilishana. Hakuna hata kisanduku kimoja hapo kilichowekwa kwa majivuno. Kujieleza kwako kumegeuka kuwa msaada kwa mwingine.

Hata hivyo, tovuti hiyo hiyo inatufundisha jinsi kazi hii isivyokwisha kwa nia njema. Juni 2020 ilipobadilisha mwonekano wake, baadhi ya wanachama walilalamika kwamba kurasa mpya ziliwaumiza kichwa, na wengine walisema ziliwaletea kipandauso na hata kifafa. Mwonekano wa zamani ukaendelea kupatikana kwa muda, na marekebisho yakafanywa. Jambo la kushika hapa ni kwamba ukurasa husomwa kwa mwili. Kuna anayeusoma kwa macho makali, kuna anayekuza herufi mara tatu, na kuna asiyeona kabisa anayesomewa na programu. Fundi anayewaita watu hawa siku ya kwanza, kabla hajachagua rangi, amefanya kazi ambayo hakuna pambo litakaloweza kuifanya baadaye.

Wikipedia nayo ina kitu kidogo kwenye kurasa za watumiaji ambacho mimi hukistahi sana. Mwanachama huweza kuonyesha lugha anazozijua, na kwa kiwango gani: mzawa wa Kiswahili, Kiingereza cha wastani, Kifaransa cha kubabaisha. Kwa kisanduku hicho, mtu wa Kampala anayehitaji mwenzake wa kuipitia tafsiri yake humpata bila kumuuliza kabila, umri wala uraia. Swali dogo limezaa ushirikiano mkubwa, na halijamfunua mtu zaidi ya alivyotaka.

Kuna jambo jingine ambalo anayeusanifu wasifu hulazimika kulipima: nani anaona nini, na kwa njia gani. Tarehe 5 Septemba 2006, Facebook ilianza kuwaletea wanachama mtiririko wa habari za marafiki zao. Hakuna siri mpya iliyofichuliwa siku hiyo. Yote yalikuwa tayari kwenye kurasa za watu. Kabla ya hapo, lakini, ukitaka kujua kwamba fulani ameachana na mchumba wake, ilikupasa uende kwake. Sasa habari ilikufuata ulipo. Ndani ya siku chache mamia ya maelfu ya wanachama walikuwa wamejiunga na kikundi cha kupinga, na Mark Zuckerberg akaomba radhi na kuongeza mipangilio ya faragha. Aliyepiga hodi na kukaribishwa huona mengi ndani ya nyumba, ila hategemei kuyasikia yakitangazwa kwa kipaza sauti mtaani. Faragha ya mtu hulindwa pia na umbali, na fundi anapoufuta umbali huo kwa nia ya kurahisisha mambo, amefuta kitu ambacho watu walikuwa wakikitegemea bila kujua.

Tena kuna mambo ambayo hayapaswi kuhifadhiwa hata kama mwanachama angekubali kuyatoa. Sisi wa Afrika Mashariki tumeliona hili kwa karibu. JamiiForums, ambayo Maxence Melo na Mike Mushi waliianzisha mwaka 2006, iliwapa Watanzania mahali pa kuzungumza kwa majina ya kubuni, na chini ya majina hayo mambo mazito ya umma yaliwekwa wazi. Desemba 2016 Melo alikamatwa Dar es Salaam, na miongoni mwa yaliyomfikisha mahakamani ni kutowapa polisi taarifa za kuwatambulisha wanachama. Kesi hizo zilichukua miaka. Nikifikiria ufundi wa wasifu, siku zote namfikiria mwanachama asiyejulikana aliyelala salama kwa kuwa mtu fulani alikataa kusema. Taarifa isiyokusanywa haiwezi kudaiwa, haiwezi kuibwa, haiwezi kuuzwa. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Zote mbili zinataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zisizidi lengo hilo. Fundi mwadilifu alikuwa akifanya hivyo kabla sheria haijamlazimisha.

Halafu iko kazi ya chumba cha nyuma, ambayo hakuna mwanachama atakayeiona. Hifadhidata ya zamani inahamishwa, na ndani yake herufi za Kiarabu, alama za lafudhi na majina yenye ng' lazima vifike salama bila kugeuka alama za kuuliza. Tarehe ya kujiunga ya kila mtu lazima ibaki ile ile, maana kuna wazee wa tovuti wanaojivunia kuwa waanzilishi. Anwani za kurasa za zamani zielekezwe kwenye mpya, ili kiungo kilichowekwa na mtu miaka kumi iliyopita kisimfikishe msomaji pasipo kitu. Sifa mtu alizojipatia nazo zihesabiwe kwa haki. Stack Overflow, tovuti ya waandishi wa programu, kwa miaka mingi ilimruhusu mwanachama kupiga kura ya kuunga mkono akifikisha alama 15 na kuhariri maandishi ya wengine akifikisha 2,000. Novemba 2019 ilipoongeza thamani ya kura inayopewa swali zuri kutoka alama 5 hadi 10, ilizihesabu upya kura zote za nyuma, ili waliouliza zamani wasipunjwe. Mcheza kwao hutuzwa, na tuzo yake haifai kupotea kwa sababu uwanja umepakwa rangi mpya.

Wapo pia waliofariki. Kila jamii iliyodumu ina kurasa za watu ambao hawataingia tena. Mwaka 2009, baada ya watu kulalamika kwamba Facebook inawapendekezea wawasalimie marafiki waliokwisha kufa, kampuni hiyo ilieleza utaratibu wa kuzigeuza kurasa hizo kuwa za kumbukumbu, zisitokee tena kwenye mapendekezo. Anayeandika kanuni ya kuwakumbusha watu siku za kuzaliwa za wenzao hana budi kuyafikiria haya mapema. Mama aliyefiwa na mwanawe atakutana na kanuni hiyo akiwa peke yake na simu yake usiku, na hapatakuwa na mtu wa kumwambia pole kwa niaba ya programu.

Ndiyo maana nauheshimu ufundi huu. Unadai hesabu na unadai malezi. Caterina Fake, mmoja wa walioanzisha Flickr, tovuti ya picha, mwaka 2004, amesimulia jinsi walivyowasalimia wanachama wa mwanzo mmoja mmoja. Tovuti kubwa haiwezi kufanya hivyo kwa mdomo wa mtu, kwa hiyo salamu hiyo lazima iingizwe kwenye maswali ya fomu, kwenye yale yaliyonyamaziwa, kwenye herufi zinazosomeka na kwenye kitufe kinachobaki mahali watu walipokizoea.

Tovuti nyingi tunamozungumza leo, kuanzia Lamu hadi Bukavu, zilisanifiwa na watu wasioyajua majina yetu matatu wala namna zetu za kuheshimiana. Hatuna sababu ya kusubiri waje wajifunze. Vijana wanaoandika programu Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura tayari wanayo elimu ya kompyuta, na adabu ya kumuuliza mtu habari zake waliipata nyumbani walikokulia. Wapewe tovuti zenye wenyewe wazitengeneze upya, walipwe kwa muda wa kusikiliza kama wanavyolipwa kwa muda wa kuandika, na kazi yao ipimwe kwa idadi ya wenyeji waliobaki.