Uhakiki wetu umemsahau mtoto aliyezaliwa kambini

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea rasimu ya tasnifu yake kuhusu wahusika vijana katika riwaya ya Kiswahili. Katika ukurasa wa tatu alikuwa ameandika kwamba mji humng'oa kijana mizizi na kumwacha bila maadili wala lugha. Nikamuuliza, "Kwani wewe ulizaliwa wapi?"

"Kimwarer, Profesa. Kwenye nyumba za kampuni."

Kimwarer ni kule Bonde la Kerio, kulikochimbwa floraspa hadi shughuli zikasimama 2016. Babake alikuwa dereva wa lori la mawe. "Na mizizi yako iling'olewa lini?" Akacheka, kisha akanyamaza. Sentensi ile hakuitunga yeye. Aliinakili kwetu sisi walimu wake.

Nakiri kwamba mimi pia nimo. Kwa miaka mingi nimefundisha riwaya kwa kuchora mstari ubaoni: upande huu kijiji, upande ule mji. Utubora wa Shaaban Robert anaacha kazi Unguja na kwenda Busutamu kulima, tunampongeza. Rosa wa Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971) anatoka Namagondo, Ukerewe, kwenda kusoma mbali, mambo yanaharibika, tunasikitika. Mstari huo una manufaa yake darasani, sikatai. Tatizo ni kwamba unachukulia kila mtu aliye mjini kuwa alishuka jana kutoka kwenye basi. Aliyezaliwa pale pale, ambaye basi lake la kwanza lilikuwa la kutoka mjini, hana mahali katika mchoro wangu.

Nami ndiye huyo. Nilizaliwa Isiolo.

Isiolo hatukuwa na mgodi. Dhahabu yetu ilikuwa na pembe. Serikali ya kikoloni iliufanya mji huo kuwa mlango wa kaskazini: mifugo iliyotoka huko ilizuiwa kwenye karantini, ikakaguliwa na kudungwa sindano dhidi ya homa ya mapafu kabla ya kuruhusiwa kuelekea kusini. Wasomali waliopigana upande wa Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza walipewa makao pale. Wakaja makarani, askari, wachinjaji, wauza miraa kutoka Meru, wafugaji wa Kiborana na Kiturkana. Babangu, Mborana, alikuja kuswaga ng'ombe wa serikali. Mamangu alitoka Meru na mizigo ya ndizi. Kila mmoja aliletwa na kazi, na kila mmoja alisema atarudi kwao.

Ukitaka kujua mji wa aina hiyo hulea mtu wa namna gani, sikiliza majina ya mitaa. Kambi ya Juu. Kambi Garba. Bulla Pesa, ambapo neno la makao la watu wa kaskazini limefungishwa ndoa na pesa. Kuna eneo ambalo hadi leo tunaliita LMD, herufi za Kiingereza za idara iliyoshughulikia soko la mifugo. Mtoto anayechunga mbuzi pale hajui kirefu chake. Kakamega nako, mgodi wa dhahabu wa Rosterman ulifungwa 1952, lakini Rosterman ni jina la mtaa, na watu wanasema "natoka Rosterman" bila kufikiria mgodi. Kazi imekwenda, jina limebaki, na juu ya jina hilo watu wamejenga kwao.

Sasa lugha. Nyumbani babangu na mamangu walisemezana kwa Kiswahili kwa sababu hawakuwa na kingine cha pamoja. Kiborana nilikipata kwa baba, Kimeru kwa shangazi, Kisomali uwanjani tukicheza mpira. Lakini niliota ndoto kwa Kiswahili. Nilipojiunga na shule ya bweni huko kusini (sisi tulisema "naenda Kenya", na hatukuwa tunatania), nilipewa fomu iliyouliza lugha ya mama. Nikaandika Kiswahili. Karani akakata kwa kalamu nyekundu: "Wee, hiyo si lugha ya mama ya mtu wa bara. Kabila lako ni gani?"

Nimekuwa profesa wa lugha hiyo hiyo, na kalamu ile nyekundu bado inatembea. Vitabu vyetu vingi vinagawa wasemaji kuwa wa Pwani, wenye lugha, na wa bara, walioazima. Twende Lubumbashi. Kampuni ya shaba ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka kila upande, na watoto wao wakazaliwa ndani ya Kiswahili. (Mji huo una wilaya iitwayo Kenya, jambo ambalo hunifurahisha bila sababu.) Johannes Fabian alikiandikia Kiswahili hicho kitabu kizima mwaka 1986. Sisi tunakiita kibovu na kufunga mjadala.

Katika riwaya, ninayemtegemea ni Shafi Adam Shafi. Rashidi wa Kuli (1979) ni mtoto wa kuli anayekuwa kuli katika bandari ya Unguja, hadi mgomo wa 1948. Hana shamba la kurejea limtakase. Bandari ndiyo kwao, na anachotaka ni kwamba kwao pawe na haki. Nikimsoma Rashidi, namwona babangu langoni mwa karantini, fimbo mkononi. Nyumba yetu ilikuwa ya kazi. Kazi ilipokwisha tulihama mtaa, si mji. Yule aliyesema atarudi kwao amezikwa Isiolo.

Nilimweleza mwanafunzi wangu haya yote, nikidhani nimemaliza. Juma lililopita akarudi na sura mpya. Ile sentensi ya mizizi ameifuta. Lakini kuhusu Kuli ameandika kwamba wahakiki wa rika langu, na hapo ananimaanisha mimi, wanamsoma Rashidi kwa utamu mno: mtoto anayerithi kazi iliyomuumiza babake hajapata kwao, amenyimwa mlango mwingine. Kimwarer, anasema, vijana wa rika lake walisubiri kazi za baba zao, na kazi zikafungwa kabla ya zamu yao kufika.

Tunakutana Alhamisi. Nimeanza kukisoma kitabu upya tangu ukurasa wa kwanza.