Simba, Chura na Suala la Kutambuliwa kwa Filamu za Katuni

Mnamo Machi 2025 tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya katuni ilikwenda kwa Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, kazi iliyotengenezwa kwa programu ya kompyuta isiyolipiwa, nayo ikaishinda Inside Out 2 ya Pixar. Ni rahisi kuuona huo kuwa ushindi wa watengenezaji huru dhidi ya studio kubwa. Maoni hayo yana ukweli wake, ila yanaliruka jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipuuza: Flow haina hata neno moja. Paka wake hulia tu. Filamu hiyo ilivuka mpaka bila kuwa na lugha ya kukaguliwa.

Kiswahili kilikuwa kimevuka zamani, lakini kwa hali ya pambo. Disney ilipotoa The Lion King mwaka 1994, ilijichukulia majina Simba, Rafiki, Pumbaa na Sarabi. Fisi mmoja akaitwa Shenzi. Hapa hapana budi kusita kidogo. Shenzi ni neno walilobandikwa watu wa bara na waungwana wa pwani, kisha wakoloni wakalirithi na kulitumia dhidi ya Waafrika kwa jumla. Katika filamu linamwangukia mnyama mwenye njaa, aliyepigwa marufuku kuingia katika ardhi ya mfalme. Simba nalo, kwa masikio ya Kongo, ni jina la waasi wa 1964. Studio ilihitaji sauti za maneno hayo tu. Historia yake haikuihusu. Filamu ikapata toleo la Kizulu, si la Kiswahili, na mwaka 2003 maneno “hakuna matata” yakasajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya kampuni hiyo kwa ajili ya mavazi. Ikiwa huko ndiko kutambuliwa, basi kutambuliwa kuna namna nyingi.

Wakati huohuo Jean-Michel Kibushi alikuwa kazini. Mzaliwa huyu wa Lubefu, katika nchi ya Watetela, alianzisha studio yake mwaka 1988 na kuipa jina la Kilingala, Malembe Maa, yaani polepole. Mwaka 1991 alitoa Le Crapaud chez ses beaux-parents, ngano fupi ya chura anayekwenda ukweni, na mwaka uliofuata Kinshasa, septembre noir, kuhusu uporaji wa Septemba 1991. Filamu hii ya pili inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa inaonyesha kuwa katuni yaweza kubeba ushahidi wa mambo yaliyotokea mjini. Lubumbashi nayo iliporwa Oktoba ya mwaka huohuo. Hata hivyo, mtoto wa Karavia au wa Katuba ana nafasi kubwa zaidi ya kumjua Pumbaa kuliko chura wa Kibushi, na lawama si ya mtoto.

Kizazi Moto, mkusanyo wa filamu kumi za Waafrika uliotolewa na Disney+ mwaka 2023, umepunguza pengo hilo kwa kiasi. Wamo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda, wasanii wenye mkono wao wenyewe. Lakini Kiswahili kimewekwa juu ya mlango. Ndani, kwa sehemu kubwa, kinasemwa Kiingereza.

Kielelezo kingine kiko Lubumbashi kwenyewe. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi na kumsimulia Johannes Fabian picha baada ya picha, kwa Kiswahili cha Shaba. Picha 101 zilichapishwa na masimulizi yake mwaka 1996. Picha zimepangwa kwa mfuatano, na sauti inaziongoza: hayo ni karibu mahitaji yote ya filamu ya katuni. Mtengenezaji atakayefuata njia hiyo ataulizwa mara moja kama atumie Kiswahili sanifu. Asikubali. Tshibumba hakukitumia, na waamuzi wa tuzo watasoma tafsiri chini ya picha vyovyote vile.