Kinanda Peke Yake Hakifundishi Sikio

Wenzangu tunaohangaika na kalamu na gitaa hapa Chimwaga, tuambiane ukweli. Tamasha la muziki wa Wagogo liko mlangoni kwetu, Chamwino, tangu 2009, lilipoasisiwa na msomi wa muziki Kedmon Mapana. Wengi wetu tunalichukulia kama burudani ya wageni. Mimi nadai ni darasa, tena darasa ambalo vyuo vyetu havina.

Chuoni mwanafunzi hufundishwa kwa kinanda, kilichokata oktavu vipande 12 vilivyo sawa. Uimbaji wa Kigogo haufuati kipimo hicho. Unafuata sauti za asili, zile zinazosikika uzi wa zeze ukiguswa kidogo bila kukandamizwa. Imo moja inayokaribia "ta" ya solfa, lakini iko chini yake. Aliyelelewa na kinanda atasema waimbaji wameteleza. Wapi! Hawajateleza, sikio lake ndilo limefungwa.

Na muheme je? Akina mama hubana ngoma mapajani, wakapiga, wakaimba na kucheza kwa pamoja. Hebu iandike kwenye mistari 5 uone. Mapigo utayapata, mwili unaoyazaa utaukosa.

Hata hivyo, tusilisifie tamasha kupita kiasi. Jukwaa lina saa, na ngoma ya jando haikutungwa iishe kwa dakika 10. Halafu kuna huyu mwanafunzi anayesimama kando akirekodi kwa simu. Huyo ataondoka na picha, basi. Kinachofundisha ni kuketi na mpiga ilimba baada ya onyesho, umwombe arudie, vidole vyako vikosee mbele yake, akusahihishe. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya kabla ya kufariki mwaka 2003, hakuupata ujuzi wake kwenye karatasi. Aliupata nyumbani, kwa kusikiliza na kupiga.

Kwa hiyo vyuo viache kuhesabu tamasha kama safari ya kutembea. Liwe somo, na lina mtihani wake: kila mwanafunzi arudi na wimbo mmoja, aupige mbele ya wazee wenye wimbo wao. Maksi watoe wao. Tutaona ni nani kati yetu ana diploma na nani ana sikio.