Ufundi wa Kuunda Modeli

Katika sayansi ya ukokotozi, yaani ile inayotafuta majibu kwa hesabu nyingi zinazofanywa na kompyuta, modeli ni maelezo ya jambo halisi yaliyoandikwa kwa milinganyo ya hisabati, na uigaji ni kuiendesha modeli hiyo ili kuona jambo lenyewe lingekwendaje iwapo hali fulani ingebadilika. Wengi hudhani kwamba modeli bora ni ile iliyokusanya mambo mengi, ilhali ufundi wake mkubwa umo katika kujua la kuacha.

Malaria yatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1911 Ronald Ross, daktari Mwingereza, alionyesha kwa milinganyo kwamba si lazima kuangamiza mbu wote ili ugonjwa huo utoweke, bali yatosha kuwapunguza hadi chini ya kiwango fulani. Katika miaka ya 1950 George Macdonald aliiendeleza hoja hiyo kwa kuzingatia kwamba vimelea huchukua siku 10 hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu, na kwa hiyo mbu anayekufa mapema hamwambukizi mtu. Ikiwa katika kila mbu 100 ni mbu 90 wanaoivuka kila siku wakiwa hai, baada ya siku 10 watasalia 35 hivi. Wakiivuka mbu 80, watasalia 11 tu. Badiliko dogo la kila siku huishusha hatari hadi chini ya theluthi, na ndiyo maana chandarua chenye dawa, kinachomuua mbu mpevu anapoifuata damu, kina nguvu kubwa kuliko umbo lake linavyodokeza. Hesabu hiyo haikutaja kijiji, mvua wala jina la mgonjwa, na bado ilifichua penye udhaifu wa adui.

Ufundi huu hudai pia ukweli. Mwaka 1922 Lewis Fry Richardson alichapisha utabiri wa hali ya hewa alioukokotoa kwa mkono, ambao ulidai kwamba kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, ingepanda kwa milibari 145 katika saa 6, ingawa siku hiyo haikubadilika ila kidogo mno. Hakuuficha, na kwa kuwa aliweka wazi kila hatua, waliokuja baadaye waliweza kubaini kwamba kasoro ilianzia katika takwimu za mwanzo, na mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC ikatumika kutabiri hali ya hewa kwa milinganyo iliyorahisishwa.

Kwa sababu hiyo shahada ya uzamivu katika fani hii, kama inavyosomewa katika Taasisi ya Nelson Mandela mkoani Arusha, ni uanagenzi hasa: mwanafunzi huzitaja dhana zake waziwazi, huandika programu, huipima modeli kwa data ambazo hazikutumika kuiunda, kisha hueleza majibu yake yanaweza kukosea kwa kiasi gani. Kijana anayetafuta nafasi hiyo asianze kuulizia ukubwa wa kompyuta atakayopewa. Aulize kwanza data za kumsahihisha zitatoka wapi, na ni msimamizi gani atakayethubutu kumwambia kwamba modeli yake, ijapokuwa nzuri machoni, haisemi kweli.